Mguu Chini ya Meza

Yaya Mujinga (yaya kwetu ni dada mkubwa), dada yangu wa tumbo moja, alifariki wakati wa kiangazi, na aliyenipigia simu ni binti yake Masengo. Nilimwacha Masengo akiwa na miaka minne. Sasa ana wajukuu. “Mama mudogo, Mama alishatuacha,” alisema, kisha akanyamaza ili anipe nafasi ya kulia. Sikulia. Nilikuwa nimesimama kwenye kile chumba kidogo ambacho chuo kiliniachia baada ya kustaafu, katika nchi ya baridi ambako nimeishi muda mrefu kuliko nilivyoishi kwetu, na nikamwuliza kilio kiko wapi. “Iko Shituru, mu nyumba yetu ileile,” alisema. Hapo nikacheka, na Masengo alinisikia, na najua hadi leo hajaelewa kwa nini mama yake mdogo alicheka siku hiyo. Nilicheka kwa sababu ile nyumba ndiyo iliyokuwa bei ya kila kitu, na kumbe waliweza kuishika mpaka mwisho.

Watu hupenda kuniuliza nilianzaje kazi yangu. Nimetumia maisha yangu kuchunguza namna neva za mguso zinavyoota: jinsi uzi mwembamba unavyotoka karibu na uti wa mgongo wa mtoto ambaye hajazaliwa, ukaitafuta ngozi gizani, ukaifikia, na jinsi ngozi ikiguswa mapema uzi ule unavyopata mahali pake na ujumbe wake unavyofika kwenye ubongo. Kwenye kumbi za mikutano, zile zenye maji ya chupa mezani, nimejibu mara nyingi kwamba nilianza kwa kumtazama mtoto mchanga akishika kidole cha mama yake. Wasikilizaji hutabasamu. Ni uongo. Nilianza kwa kukanyaga mguu wa mume wa dada yangu chini ya meza, na sasa kwa kuwa dada yangu hayupo tena wa kunikatalia, nitaeleza ilivyokuwa.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu majina yetu ya ubatizo yafutwe na serikali. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Kwenye zahanati ya kiwanda cha shaba cha Shituru niliitwa Citoyenne Numbi, yaani mwananchi Numbi. Nyumbani, madirisha yakifungwa, yaya aliniita Berna, kwa sauti ya chini, na ile sauti yake ya chini ilisikika nyumba ya tatu. Nililala na watoto wao wanne katika chumba cha nyuma. Ukuta wa kati haukufika kwenye bati, kwa hiyo maneno yote ya yaya na mumewe yaliruka juu na kutuangukia sisi. Humo ndimo nilimojua kwamba yaya aliipenda ile nyumba kuliko alivyompenda mtu yeyote. Ilikuwa nyumba ya kampuni, ya safu, yenye sakafu ya saruji aliyoisugua kwa nta nyekundu kila Jumamosi, na bomba la maji uani ambalo hakushirikiana na mtu. Moshi wa kiwanda ukigeukia upande wetu tulionja ladha ya kiberiti kwenye ulimi, na nguo zilizoanikwa zilitoboka, yeye hakujali. “Hii nyumba, minye batanitosha humu na jeneza,” alisema karibu kila wiki, akimwambia mumewe, akituambia sisi, akiliambia bomba. Nasikia ndivyo ilivyokuwa. Walimtoa na jeneza.

Mumewe aliitwa Kasongo. Mimi nilimwita shemeki, kama kwetu tunavyomwita shemeji, na sitaki kumchora mbaya kuliko alivyokuwa, maana alikuwa mpole. Alifanya kazi kwenye ukumbi wa mabafu ya asidi, wanamoning'iniza mabamba ya shaba ndani ya maji makali na kuyabandua yakiiva. Mwaka huo nilianza kuona jambo wakati wa kula. Yaya alipoleta bukari, ugali wetu, bado inatoa mvuke, sisi wote tulipuliza kwanza na kumega pembeni kidogo kidogo. Shemeki alitia mkono katikati, akatoa tonge zima, akalifinyanga taratibu huku akizungumza habari nyingine. Watoto walipiga makofi. Walishindana kuthubutu kama yeye, wakaunguzwa, wakalia. “Baba yenu ni mwanaume,” yaya alisema, akiwaonyesha kwa kijiko, “moto inamuogopaka.” Kwenye mboga ya sombe yenye samaki mkavu alikuwa anatafuna mpaka mwiba umchome ulimi, ndipo anautoa, ilhali zamani vidole vyake vilikuwa vinautoa kabla. Vifungo vya shati alikuwa anafungiwa na Masengo, kama mchezo. Nilikuwa mwerevu kwenye shule ya watawa, nilikuwa wa kwanza kwenye hesabu, na nilikaa kwenye mkeka uleule miezi mitano nikiwa sijaelewa kitu.

Nilielewa zahanatini. Kulikuwa na daktari Mbelgiji, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyeletwa kwa mkataba kuchunguza mikono ya wanaume wa ukumbi wa mabafu. Hakujua ni asidi yenyewe au ni kitu kingine ndani ya yale maji, lakini alijua vidole vyao vinakufa ganzi, na alitaka kuwaondoa kabla hawajaumia. Hilo lazima niliseme: nia yake ilikuwa njema. Alinichagua mimi kutoka shuleni, nimwandikie vipimo baada ya masomo, kwa ajili ya mwandiko wangu. Vifaa vya kupimia alivyoagiza kutoka kwao havikufika, kwa hiyo alinituma sokoni Kikula kununua nyuzi za nailoni za kuvulia samaki, za unene mbalimbali, kwa mama mmoja wa Kapolowe aliyeziuza pembeni ya samaki wake. Nilizikata sawasawa, nikazibandika kwenye vijiti, nikazisukuma moja moja juu ya mizani ya dawa mpaka uzi upinde, nikaandika uzito uliosomeka. Nyuzi saba, kutoka nene hadi nyembamba kama unywele wa mtoto. Nimewahi kufanya kazi katika maabara zenye vyombo vya bei ya kutisha, na hakuna kifaa nilichokiamini kama zile nyuzi.

Kipimo kilikuwa hivi. Katikati ya meza kulisimamishwa fremu yenye pazia la kijani. Mfanyakazi alikaa upande mmoja na kupitisha mkono chini ya pazia, asiuone. Upande wa pili daktari alichagua uzi, akaugusisha kwenye ncha ya kidole hadi upinde, akauondoa, bila kusema neno. Aliyesikia mguso alitamka “ndiyo”. Asiyesikia alinyamaza. Mara nyingine daktari hakugusa kabisa, akasubiri tu, ili kuwanasa wanaosema ndiyo ovyo. Mimi nilikaa kichwani mwa meza, ninapouona mkono na uso pia, na kuandika. Aliyeshindwa kusikia uzi wa tatu alipimwa tena baada ya miezi minne. Akishindwa mara ya pili, aliondolewa kazini. Na nyumba ya kampuni ilikuwa ya mtu wa kampuni. Shemeki alipoketi mbele ya pazia mara ya kwanza, aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza hatua barabarani. Uzi wa kwanza, ndiyo. Wa pili, kimya, kisha ndiyo, lakini daktari alikuwa ameshauondoa. Wa tatu, kimya. Wa nne, wa tano, hadi wa saba, kimya kitupu, na macho yake yakanitazama mimi. Niliandika ukweli. Ni kipimo pekee cha Kasongo kilichoandikwa ukweli.

Alinifuata uani wiki moja kabla ya kipimo cha pili, alasiri, yaya akiwa sokoni. Nilikuwa napepea makaa kwenye mbabula. Alichuchumaa karibu yangu, mtu mzima mwenye mvi za kwanza.

“Numbi, wiki yenye kuya mutanipima. Mi nitaanguka.”

“Umwambie docteur ukweli, shemeki. Pengine iko na dawa.”

“Dawa gani? Dawa yake ni kunitosha mu nyumba.” Akanyoosha mkono, akaokota kaa jekundu kutoka mbabula kwa vidole viwili, akalishika. “Angalia. Sisikie kintu.” Nilimpiga mkono, kaa likaanguka, na harufu ya ngozi ilibaki. “Minye na yaya yako na batoto, tutaenda wapi? Tutarudia mu kijiji kulima, na hii mikono?”

“Umwambie basi yaya, musaidiane.”

“Weye unamujua yaya yako. Siku tutagombana, atatoka ku mulango na kusema yote. Shituru muzima itajua mbele ya sahani kukauka.” Hapo alisema kweli, yaya hakuwa na kifuniko mdomoni. Kisha akaeleza alichokifikiria, na nilitambua kwamba alikuwa amekifikiria siku nyingi. “Docteur akinigusa, weye unikanyage muguu chini ya meza. Akikosa kunigusa, uache. Ni vile tu, Numbi. Nakuomba kama mutoto wa mama yangu.” Akaviweka vile viganja pamoja, kimoja juu ya kingine, akavipiga polepole mara mbili, kama tunavyofanya mbele ya mkubwa. Mkubwa aliyepigiwa makofi ni mimi, msichana mwenye sketi ya shule. Nilikubali. Siwezi kusingizia umri wangu. Nilijua kabisa ninachokubali, ila sikujua kitaishia wapi.

Tulikuwa tumekubaliana nimpitishe uzi wa tatu na wa nne, basi, apate alama ya kumtosha. Lakini siku ile niliingiwa na woga. Nilivua kiatu, nikaweka mguu wangu juu ya wake, na daktari alipogusa nilikanyaga, na shemeki akasema ndiyo. Uzi wa tatu, ndiyo. Wa nne, ndiyo. Nilipaswa kuacha hapo. Badala yake nikawaza kwamba kuacha ghafla kutaonekana, kwamba daktari ataniangalia, na mguu wangu ukaendelea wenyewe: wa tano, wa sita, na ule wa saba, mwembamba kama unywele, ambao mimi mwenyewe nikijipima niliukosa mara moja katika kila mara tatu. Ndiyo, alisema Kasongo, kwa utulivu. Daktari alipoacha kugusa ili kumnasa, alinyamaza kama mtakatifu. Nikaandika. Daktari alivua miwani yake, akasoma daftari langu, akafungua kurasa za nyuma kutazama kipimo cha miezi minne iliyopita, akasoma tena. Kisha akaja upande wetu wa pazia, akaushika ule mkono wenye ngozi ya gome, akaugeuza huku na huku. Alisema kwa Kifaransa kwamba hivi ni vidole vya mtoto.

Alasiri ile daktari hakwenda nyumbani kula. Alifunga mlango wa chumba cha dawa, mimi na yeye na ubao mweusi wa kuandikia zamu, na kwa saa nzima akanichorea. Alichora mtoto tumboni, aliyejikunja. Alichora uti wa mgongo, na kutoka hapo mstari wa chaki unaotambaa kuelekea mkononi, wenye ncha iliyopanuka kama kiganja kidogo kinachopapasa. Aliniambia kwamba mstari ule hauijui njia, unaitafuta. Kwamba unagusa, unarudi, unajaribu tena. Kwamba watu walidhani kazi hiyo hufanyika mara moja tu maishani, kabla ya kuzaliwa na muda mfupi baada yake, lakini huenda, Mademoiselle (alisahau Citoyenne kwa furaha), huenda katika mtu mzima wa Shituru imeanza upya. Chaki ilimjaa kwenye nyusi. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha kama ile, na aibu iliniwasha mwili mzima, na bado, katikati ya aibu, nilikuwa nauona ule uzi ukitembea gizani. Niliutaka. Nilitaka kujua unajuaje kwamba umefika. Nimekuwa nikitaka kujua jambo hilo tangu siku hiyo, na nimejibu sehemu yake ndogo, na kila nilichojibu kilianzia kwenye nambari nilizozibuni mimi.

Kwa kuwa tulizidisha, ilitubidi kurudia. Daktari alimwita Kasongo tena baada ya wiki mbili, na tena, na tena. Wengine wote walipimwa mara moja kwa miezi minne, yeye alikuwa akikaa mbele ya pazia la kijani kama mgeni wa heshima, na anapewa chai. Mara ya nne nilikuwa nimezoea kiasi kwamba nilivua kiatu bila kujificha. Muuguzi mkuu, Kyembe, aliingia na sinia ya chai mkononi. Mlango ulikuwa nyuma ya mgongo wangu, na yeye, kwa sababu ya kuangalia asijikwae kwenye kizingiti, aliingia akiwa ameinamisha macho. Aliona mguu wa msichana umelala juu ya mguu wa mume wa dada yake, ukimfinya, ukiachia, ukimfinya. Akaweka chai mezani. Akatoka. Kyembe hakuwa mtu wa fitina, na hilo ndilo linaloniuma. Alikuwa kiongozi wa sala katika mtaa wetu, alisali na yaya kila Alhamisi, na alikwenda nyumbani kwake akafikiri siku tatu nzima kabla ya kufungua mdomo.

Alikuja Jumapili baada ya misa, na shati lake jeupe, akakataa kinywaji cha munkoyo alichokaribishwa. Watoto walitolewa nje. Tulikaa wanne sebuleni, juu ya ile sakafu nyekundu. “Mama Masengo,” alisema, “mi sikukuya kubomoa nyumba ya muntu. Nilikuya ju tunasalaka pamoja.” Akaeleza alichokiona, bila kuongeza chumvi hata punje. Mimi nilimtazama yaya, nikingoja apige kelele, maana kelele zake nilizijua, zingekuja na kupita kama mvua ya mwezi wa kumi. Hakupiga.

“Numbi,” alisema. “Ulimukanyaga bwana yangu muguu chini ya meza, ndiyo ao hapana?”

“Ndiyo, yaya.”

“Mara moya?”

“Mara mingi.”

“Ju ya nini?”

Nilimgeukia shemeki. Hakika nilikuwa nimeshaamua kwamba atasema. Ilikuwa zamu yake, siyo yangu. Kyembe angeelewa, hata asingeelewa ningemwangukia magotini. Kasongo alikuwa anaiangalia mikono yake iliyolala juu ya magoti. Nilimwona akipima. Upande mmoja, mtu aliyemtamani mdogo wa mke wake: mambo hayo hutokea, yanaitishiwa kikao, yanatozwa mbuzi na bia, wanaume wa ukumbini watamcheka kwa wivu. Upande wa pili, mtu mwenye vidole vilivyokufa, mbele ya muuguzi mkuu wa kiwanda. Akainua uso. “Ni shetani njo alituingilia, Mama Masengo,” alisema. “Mutusamehe.” Alikiri dhambi ambayo hatukuitenda, akanitia na mimi ndani yake, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Mimi nilifungua mdomo. Niliona yaya ameweka mkono wake ukutani, umefunguka, kama mtu anayeushikilia ule ukuta usianguke, ukuta wa nyumba yake, na nikaufunga mdomo wangu. Nimejiambia miaka yote kwamba nilinyamaza kwa ajili yake. Siku nyingine naamini. Yaya alisimama, akaenda jikoni, akarudi na sahani yangu ya bati, ile yenye ua jekundu, akaiweka nje ya mlango, chini, kwenye vumbi.

Watawa wa Kapolowe walinipokea, nikamalizia shule yangu kwao. Kasongo alitoa mbuzi na kreti mbili za bia, wazee wa pande zote mbili wakala na kunywa sebuleni, na heshima yake ikarudi mahali pake. Yangu haikuitishiwa kikao. Daktari, ambaye hakuambiwa lolote, aliniandikia barua ya sifa kwa ajili ya nafasi ya masomo ng'ambo. Alisifu umakini wangu katika kuandika vipimo. Niliondoka na barua hiyo. Mkataba wake uliisha kabla hajampima Kasongo tena, akarudi kwao na vipimo vikakoma, na sijui kama alipata kuchapisha habari za yule mtu wa Shituru aliyeota vidole vya mtoto. Kila nilipoingia kwenye maktaba mpya nilitafuta jina lake kwanza, na nilipolikosa nilishukuru. Nilimwandikia yaya. Niliandika yote, pazia, nyuzi, kaa la moto, nikaandika tena mwaka uliofuata, na tena. Ilinichukua muda mrefu mno kukumbuka jambo nililolijua tangu utoto wangu: yaya hakujua kusoma. Barua zote za nyumba ile zilisomwa na mumewe.

Kwa hiyo nilikwenda kilioni nikiwa na miaka karibu sabini na hasira ya msichana. Wanawake walikuwa wamejaa mikekani uani, karibu na lile bomba ambalo sasa limekauka. Waliimba, na nilipoingia sauti zilipungua kidogo, kisha zikaendelea; niliona vichwa vikiinamiana. Wengi wao walikuwa hawajazaliwa mwaka ule. Habari ilikuwa imewafikia hata hivyo. Masengo alinishika mkono akanipeleka jikoni, na nikiwa bado nimesimama, na begi bado begani, nikamweleza. Nilieleza upesi, nikiogopa nitakatizwa. Hakunikatiza. Aliendelea kukoroga maharagwe.

“Mama alijuaka,” alisema.

Ilikuwa hivi. Mimi nikiwa ng'ambo mwaka wa tisa, bamba la shaba lilimkata Kasongo vidole viwili vya mkono wa kulia, akaendelea na kazi, mpaka mwenzake alipoona damu inajaa kwenye glavu. Hospitalini, mbele ya mkewe na Masengo aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alishindwa kuendelea kubeba siri, akasema yote. “Basi nilifukuza mutoto wa mama yangu bure,” yaya alisema. Masengo alimwambia, Mama, tumwandikie, mimi najua kuandika. Na yaya akajibu: “Nilishasema ku batu bote. Nitaanzia kwa nani kurudia maneno?” Na tena, akasema Masengo akionja chumvi, kampuni ingejua kwamba Papa hakufaa kazini tangu zamani, na nyumba ilikuwa bado ya kampuni. Nilimwuliza kama yaya aliniachia neno lolote mwishoni. Alifikiri kwa uaminifu, nilimwona akitafuta. “Hapana, mama mudogo,” alisema.

Shemeki alikuwa ameketi peke yake chini ya ukingo wa bati, kwenye kiti cha plastiki, macho yakiwa na ukungu, miaka themanini na zaidi. Waliniwekea kiti mbele yake. Nilikuwa nimeandaa maneno kwenye ndege, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, maneno ambayo yangemwangusha, na nilipomwona nikatamani kumtupia yote. Alinitambua kwa sauti. Hakusema pole, hakusema nisamehe. Alinyoosha mikono yake miwili kuelekea kwangu, viganja juu, ule wa kulia ukiwa na vidole vitatu, akafumba macho, na akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza hatua barabarani. Nilielewa ananiomba nini. Nimepima maelfu ya vidole, ya wazee na ya watoto wenye siku moja duniani. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilimgusa ncha ya kidole cha shahada, taratibu, kwa ukucha.

“Ndiyo,” alisema.

Nikamgusa kidole gumba. “Ndiyo.” Nikangoja kidogo, nikamgusa kidole cha mwisho. “Ndiyo.” Kisha nikarudisha mikono yangu mapajani, nikaishikanisha, nikamtazama bila kumgusa.

“Ndiyo,” alisema Kasongo, macho yamefumbwa. Akasubiri kidogo. “Ndiyo.” Akasubiri tena. “Ndiyo, Numbi.”

Nilipoinua uso, wanawake wote wa mikekani walikuwa wameacha kuimba, wanatutazama. Nikavuta miguu yangu nyuma, nikaificha chini ya kiti changu.